Kwa nini malisho ya udongo mweusi wa mbuga hunyauka kabla ya yale ya kichanga, ilhali udongo mweusi ndio unaoshika maji?

#1 MfugajiPawaga (mleta mada)
Kamwene, wanajukwaa. Nafuga ng'ombe na mbuzi upande wa chini wa Pawaga, mkoani Iringa. Ukiteremka kutoka kwenye vilima vyetu unaanza na udongo mwekundu wenye kichanga, kisha unapita ukanda mwembamba wa kijivu usioota kitu cha maana, na mwisho unafika kwenye mbuga yenye mfinyanzi mweusi ambao kiangazi hupasuka kiasi kwamba mguu wa mbuzi huzama kwenye ufa. Mwaka wa mvua nzuri sina la kulalamika, kwa sababu nyasi za mbugani hurefuka hadi ndama hawaonekani. Tatizo ni mwaka ambao mvua inakuja kwa manyunyu, leo kidogo na wiki ijayo kidogo. Mwaka huo nyasi za mbugani hunyauka mapema, wakati zile za kichanga, ingawa ni chache na fupi, hubaki na ukijani kwa muda zaidi. Sasa udongo unaosifiwa kushika maji unawezaje kuwa wa kwanza kuyanyima majani? Naomba maelezo yatakayonisaidia kupanga wapi nianze kulisha na wapi nihifadhi.

#2 KijanaWaRujewa
Mkuu, jibu ni rahisi. Udongo ule ni mweusi kwa sababu umejaa mboji, na penye mboji nyasi huwa nyingi. Nyasi zikiwa nyingi zinagombania maji na kuyamaliza mapema. Kwenye kichanga nyasi ni chache, hivyo kila shina linapata fungu lake.

#3 AfisaMalishoMstaafu
Ndugu KijanaWaRujewa, hoja yako ya msongamano ina mashiko, lakini hiyo ya mboji si sahihi. Udongo mweusi wa mbuga mara nyingi una kaboni inayotokana na mimea na viumbe kwa kiwango kisichofika asilimia 2, na weusi wake unatokana na mboji kidogo iliyoshikamana sana na chembe za mfinyanzi. Ukitaka kuona weusi unaotokana na mboji nyingi, panda Rungwe ukachote udongo wa majivu ya volkano, kisha uupime kwa mkono: ule ni mwepesi na hauvimbi wala kupasuka hivi.

Kuhusu swali lenyewe, mfinyanzi unaopasuka namna hiyo una madini ya kundi la smektaiti, ambayo vitabaka vyake huachana maji yanapoingia kati yake na kukaribiana tena yanapotoka. Gramu moja ya madini hayo, vitabaka vyake vyote vikihesabiwa, ina uso unaoweza kufikia mita za mraba 800, na maji yanayogusa uso huo hushikwa kwa nguvu kubwa. Wataalamu huweka mpaka wa kunyauka kwenye mvuto wa kilopaskali 1,500 hivi; udongo ukishika maji kwa nguvu kuliko hapo, mizizi ya mimea mingi hushindwa kuyanyonya. Kwenye kichanga, mpaka huo unapofikiwa, maji yaliyobaki ni kama asilimia 5 hadi 10 ya ujazo wa udongo, ilhali kwenye mfinyanzi mzito yanaweza kuwa robo nzima au zaidi. Udongo wa mbuga, kwa hiyo, ni tajiri bahili: fedha anazo, lakini ukimwomba hatoi. Utauchimba ukakuta una ubaridi wa unyevu, na nyasi iliyo juu yake imekwisha kukauka.

#4 MamaIgurusi
Shikamoo, Afisa. Nimesoma maelezo yako nikacheka, kwa sababu huyo bahili wako huku Mbarali ndiye anayetulisha. Mpunga wa Usangu unalimwa kwenye mfinyanzi huohuo, na jaruba likishajaa maji linakaa. Kama udongo ule unanyima maji, basi sisi tunavuna nini?

#5 AfisaMalishoMstaafu
Marahaba, Mama Igurusi. Wewe jaruba lako unalijaza kwa mfereji, hivyo udongo unashiba na kuvimba mpaka vitundu vyake vinazibana na maji hayapenyi tena kwenda chini. Mpunga unakunywa yale ya ziada ambayo udongo haukuweza kuyakumbatia. Mleta mada anategemea mawingu. Ni udongo wa tabia moja, lakini kipimo cha maji ni tofauti kabisa.

#6 MsomaUdongo
Naunga mkono bandiko la 3 na kuongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha swali. Mwaka 1973 mwanaikolojia Imanuel Noy-Meir wa Israeli alieleza kwamba katika nchi kame uhusiano wa udongo na mimea hugeuka: kichanga huwa na unyevu wa manufaa zaidi kuliko mfinyanzi, kwa sababu mvua ndogo hupenya mbali kwenye kichanga na kujificha jua, wakati kwenye mfinyanzi hubaki juu na kupotea kama mvuke. Alikadiria kwamba mgeuko huo hutokea mahali ambapo mvua ya mwaka ni kati ya milimita 300 na 500. Mwaka 1988 watafiti walichapisha uchambuzi wa maelfu ya maeneo ya malisho katikati ya Marekani, wakaona mgeuko karibu na milimita 370; chini ya hapo kichanga kilizalisha nyasi nyingi zaidi, na juu ya hapo udongo mzito ukashinda.

Piga hesabu rahisi. Chukua mvua ya milimita 20 juu ya udongo uliokauka. Kichanga kinachoweza kupokea maji kiasi cha asilimia 10 ya ujazo wake kitaloana hadi sentimita 20 kwenda chini. Mfinyanzi unaoweza kupokea asilimia 25 utaloana sentimita 8 tu. Hizo sentimita 8 ndizo jua la Pawaga linalozikausha kwanza.

#7 MwalimuIlula
Ndugu MsomaUdongo, asante kwa hesabu, lakini mbona umejifunga mwenyewe? Mvua ya Pawaga na Idodi kwa wastani hutajwa kuwa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na ya uwanda wa Usangu iko juu kidogo ya hapo. Zote zimepita milimita 370, na hata ukichukua ukingo wa juu wa Noy-Meir, bado sisi tuko nje. Kwa nadharia hiyo mfinyanzi ungepaswa kushinda huku kwetu kila mwaka.

#8 MsomaUdongo
Mwalimu, wastani hauoti nyasi. Mwaka mbaya Pawaga inashuka chini ya wastani huo, na mleta mada amesema wazi kwamba tatizo linaonekana mwaka wa manyunyu. Zaidi ya hapo, msimu wetu ni mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na jua la huko chini ni kali. Milimita 500 zilizogawanyika katika mvua ndogondogo zinafanya kazi ya mvua pungufu. Ndiyo maana mwaka mzuri mbuga yake inashinda na mwaka mbaya inashindwa: yuko karibu na mpaka wenyewe.

#9 MwalimuIlula
Hapo umepona kwa ujanja, lakini sijashawishika. Nadharia inayopata ushindi mvua ikiwa nyingi na ikapata tena mvua ikiwa kidogo ni ngumu kuipinga, na kwa hiyo ni ngumu pia kuiamini.

#10 NgoshaWaUbaruku
Wadau, mmeupita ukanda wa kijivu kana kwamba haukutajwa. Wazee wetu wa Kisukuma, tuliohamia Usangu na mifugo, wana majina ya kila udongo kuanzia mlimani hadi bondeni. Luseni ni kichanga, itogolo na ibambasi ni udongo wenye tabaka gumu ambalo jembe linaruka juu yake, na mbuga ndiyo ile nyeusi ya chini. Ibambasi mara nyingi ina chumvichumvi ya magadi, ng'ombe wanailamba, na maji hayapenyi kabisa. Ukanda wa kijivu wa mleta mada unanukia ibambasi kwangu. Nahisi magadi hayo yanateremka na maji ya mvua na kuingia kwenye ukingo wa mbuga. Pakiwa na magadi mengi, mfinyanzi unapoteza chembechembe zake, unaziba, na nyasi inakaa juu ya sakafu. Tatizo basi si ubahili wa udongo mweusi kwa jumla, ni chumvi.

Kuna jaribio jepesi. Chukua bonge kavu la ukubwa wa punje ya hindi, liweke polepole kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Ukiona wingu la maziwa linazunguka bonge, una magadi.

#11 FundiMakambako
Naomba niulize pembeni. Mimi ni mjenzi, na nyumba ninazojenga kwenye udongo huu mweusi hupasuka kuta kila mwaka, hasa pembe za madirisha. Kama udongo unavimba na kunywea, kuna dawa?

#12 MamaIgurusi
Fundi, hapa tunazungumzia nyasi, wewe unatuletea madirisha.

#13 AfisaMalishoMstaafu
Mwacheni, udongo ni uleule. Fundi, kwa ufupi: wajenzi wa barabara huuondoa udongo wa namna hiyo na kujaza moramu, au huuchanganya na chokaa ili upunguze kuvimba. Kwenye nyumba, jambo la kwanza ni kuzuia maji ya paa yasimwagike kando ya msingi, kwa sababu upande mmoja ukivimba na mwingine ukabaki mkavu, ukuta hauna budi kupasuka. Mengine fungulia uzi wako, nami nitakuja.

#14 MfugajiPawaga
Nimelifanya jaribio la NgoshaWaUbaruku. Bonge la mbugani lilivunjika mara moja na kuwa lundo la vipande vidogovidogo chini ya glasi. Nimesikitika kidogo, maana inaonekana mbuga yangu ina magadi.

#15 AfisaMalishoMstaafu
Usisikitike haraka. Kuvunjika vipandevipande na kutoa wingu ni mambo mawili tofauti, na Emerson wa Australia aliyapanga vizuri katika kipimo chake cha mwaka 1967. Bonge kavu likiporomoka kuwa vipande, maana yake hewa na maji vimelivunja kwa nguvu, na hilo ni la kawaida. Magadi hujulikana kwa wingu linaloning'inia majini bila kutua. Je, maji yalibaki maangavu au yalichafuka? Na maji uliyotumia yalikuwa ya mvua kweli, au ya kisima? Maji ya kisima yenye chumvi huzuia wingu lisitokee hata pale ambapo magadi yapo.

Rudia jaribio kwa sampuli tatu: ya kichanga, ya ukanda wa kijivu, na ya katikati ya mbuga, na usiichote mbugani pembezoni tu. Wakati uko hapo, lowesha udongo kidogo, ukande, kisha usukume utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utepe ukizidi sentimita 5 kabla ya kukatika, huo ni mfinyanzi hasa.

#16 DadaMlowa
Nimewasoma wote kwa heshima, na nashangaa kwamba katika mabandiko yote haya hakuna aliyemtaja ng'ombe kama mhusika. Nyasi zinazoota kwenye mfinyanzi wa mbuga huwa na virutubisho vingi kuliko za kichanga kilichochujwa, kwa sababu udongo huo una kalsiamu na magnesiamu nyingi na haupotezi madini yake kwa urahisi. Ng'ombe wanalijua hilo bila maabara. Ukiwaachia wachague, watashuka mbugani na kukaa huko. Zile za kichanga huwa ngumu na chachu zikikomaa, hivyo zinaachwa. Mfugaji anapita baadaye, anaona mbuga imekuwa kahawia na kichanga kina kijani, anasema mbuga imekauka. Haijakauka, imeliwa. Shina lililokatwa mara kwa mara halina majani ya kulisha mizizi, mizizi inakuwa mifupi, na mizizi mifupi ndiyo inayoishia kwenye zile sentimita 8 za MsomaUdongo.

Kaka MfugajiPawaga, uliwahi kuzungushia miiba kipande cha mbuga ukakiacha bila kulishwa msimu mzima? Bila hicho huwezi kutenganisha ukame na meno.

#17 KijanaWaRujewa
Dada Mlowa ameua mjadala. Tufunge uzi.

#18 MwalimuIlula
Usiufunge bado, kijana. Hoja ya Dada Mlowa ina nguvu, lakini mleta mada anasema mwaka wa mvua nzuri mbuga inastawi, na ng'ombe ni walewale wa mwaka mbaya. Kama meno ndiyo sababu, yangefanya kazi miaka yote.

#19 DadaMlowa
Mwalimu, mwaka mzuri nyasi zinaota haraka kuliko zinavyoliwa. Mwaka mbaya meno yanatangulia. Sioni ugumu.

#20 MchimbaMalambo
Salamu. Kazi yangu ni malambo na visima vifupi katika vijiji vya huku chini, kwa hiyo udongo huu nimeuona kwa ubavu wake na si kwa juu tu. Hesabu ya bandiko la 6 inachukulia kwamba maji yanashuka sawasawa kutoka juu, na kwenye udongo huu hayashuki hivyo. Kiangazi nyufa zinaingia ndani kupita nusu mita, nyingine zaidi. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga, maji yanakimbilia kwenye nyufa na kuloanisha chini kabla ya katikati. Nimechimba baada ya mvua za kwanza nikakuta juu pameloana, katikati pakavu kabisa, na chini pana tope. Baadaye nyufa zikijifunga, maji hayaingii tena kirahisi, yanatuama au yanatiririka, na ndiyo raha ya lambo. Ukichimba zaidi unakuta kuta za ndani zimelainika na kung'aa, alama ya udongo uliosuguana wakati wa kuvimba, pamoja na vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyotoa povu ukivimiminia ndimu au siki.

Kwa hiyo maji yapo chini, tena mengi, ila nyasi za msimu mmoja zenye mizizi mifupi haziyafikii. Za kudumu zenye mashina ya kichaka huyafikia, na hizo ndizo zilizopungua.

#21 MsomaUdongo
MchimbaMalambo, nakubaliana na ulichokiona, lakini zingatia jambo moja. Maji huingia kwenye ufa pale tu mvua inapozidi uwezo wa uso wa udongo kuyanywa, yakaanza kutembea. Manyunyu ya milimita 5 yananyweka palepale juu, kwenye ile chengachenga kavu inayotandaa kiangazi, na kesho yake yamegeuka mvuke. Hayafiki kwenye ufa. Mleta mada amelalamikia mwaka wa manyunyu, kwa hiyo nyufa zake mwaka huo hazimpi faida hiyo, na hasara zinampa, kwa sababu upepo unaingia ndani ya ufa na kukausha kuta zake pande zote mbili.

#22 MchimbaMalambo
Na mizizi je? Udongo ukijinyonga na kupasuka, unaikata mizizi myembamba katikati. Nimeiona ikining'inia ndani ya nyufa imekauka. Hilo nalo lihesabiwe, maana kichanga hakifanyi hivyo.

#23 MzeeWaPoroto
Vijana, mnasahau asili. Udongo mweusi wa nyanda hizi zote uliletwa na majivu ya mlima Rungwe. Yule Mjerumani, Milne, aliyapima haya tangu zamani.

#24 MwalimuIlula
Shikamoo, Mzee. Geoffrey Milne alikuwa Mwingereza, na alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, miaka ya 1930, wakati Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Mwaka 1935 ndipo alipoeleza kwamba udongo wa juu ya kilima, wa mteremko na wa bondeni ni mnyororo mmoja unaojirudia, na mwaka uliofuata ikatoka ramani ya udongo wa Afrika Mashariki aliyoisimamia. Alichokiona MfugajiPawaga, yaani mwekundu juu, kijivu katikati na mweusi chini, ni mnyororo huohuo.

Na kuhusu Rungwe, sioni majivu yakihitajika. Maji ya mvua huchuja mwinuko kwa muda mrefu, huko juu hubaki kaolini (mfinyanzi usiovimba) na chuma kinachotia wekundu, na kile kilichoyeyuka, yaani silika, kalsiamu, magnesiamu na sodiamu, hushuka na kukusanyika bondeni pasipo na njia ya kutokea. Ndipo smektaiti hujengeka. Uwanda wa Usangu ni bonde la namna hiyo: mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu yenyewe inamwaga humo, na maji hutoka kwa mlango mmoja tu wa miamba pale Ng'iriama, baada ya kupita kinamasi cha Ihefu.

#25 MzeeWaPoroto
Marahaba. Umeeleza vizuri, lakini mito hiyo baadhi inatoka milima ya kwetu, na milima ya kwetu ni ya volkano; Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kasoko. Tope lake halikosi jivu. Na wewe Mwalimu umemhamisha mleta mada kutoka Pawaga kumpeleka Usangu. Pawaga inapata tope la Ruaha Mdogo, linalotoka Mufindi na kupita Iringa mjini.

#26 MwalimuIlula
Kuhusu Ruaha Mdogo nakubali, Mzee. Kuhusu jivu tutakutana siku nyingine.

#27 NgoshaWaUbaruku
Narudi kwenye ng'ombe aliyetajwa na Dada Mlowa, ila kwa kwato, si kwa meno. Zamani mpangilio wa mifugo ulikuwa unafuata udongo: mvua zikianza, ng'ombe walipanda kwenye kichanga na vichaka vya juu, na mbuga iliachwa ijinywee maji, kiangazi ndipo waliposhuka mbugani na pembezoni mwa Ihefu. Mpangilio huo umevurugika kwa sababu nyingi: mashamba yameongezeka, mifugo iliondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo lile likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sasa wengi wetu tunakanyaga mbuga ikiwa mbichi. Mfinyanzi mbichi ukikanyagwa unashindiliwa, vitundu vinazibwa, na jua likija unakuwa tofali. Mfinyanzi mkavu ukikanyagwa unasagika tu kuwa chenga, hauna madhara makubwa. Sababu, basi, inaweza kuwa ni kwato za msimu usio wake.

#28 AfisaMalishoMstaafu
Hilo la kukanyaga mbuga ikiwa mbichi ni kweli tupu, na kama ningepewa nafasi ya kumshauri mleta mada jambo moja tu, lingekuwa hilo. Ila tusisahau kwamba udongo huu una tabia ya kujitibu, kwa sababu kila mzunguko wa kuvimba na kupasuka huvunja ule mgando. Kichanga chekundu kilichoshindiliwa hakina dawa hiyo. Kwa hiyo madhara ya kwato mbugani yanaweza kuwa ya msimu mmoja au miwili, wakati anachokieleza mleta mada kinaonekana kujirudia kwa muda mrefu.

#29 JiraniWaLaikipia
Nawasalimu kutoka Nanyuki, Kenya. Nasi huku Laikipia tuna mfinyanzi mweusi wa namna hiyo, uliotawaliwa na mgunga wenye vinundu vinavyokaliwa na sisimizi. Huko kwenye kituo cha utafiti cha Mpala tangu mwaka 1995 kuna majaribio ya uzio unaotenganisha ng'ombe, wanyamapori na tembo katika vipande mbalimbali, na mojawapo ya matokeo yake ni kwamba wanyamapori hushindana na ng'ombe wakati wa kiangazi lakini huwanufaisha wakati wa mvua, kwa sababu punda milia huondoa mashina makavu na ng'ombe wakapata majani laini. Hivyo suala la meno halina jibu moja hata penye uzio. Nyongeza: mahali palipokuwa na maboma ya zamani pana nyasi nzuri kwa miaka mingi baada ya boma kuhamishwa, na kwenye vichuguu vya mchwa pia, hata kama udongo wa pembeni ni uleule. Kwa hiyo samadi nayo iingie kwenye hesabu.

#30 KijanaWaRujewa
Sasa tuna ubahili, mvuke, magadi, meno, kwato, mizizi iliyokatwa, jivu la Rungwe na samadi. Mleta mada alitaka jibu, amepewa soko zima.

#31 MfugajiPawaga
Ahsanteni. Nimerudia jaribio kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye bati. Bonge la ukanda wa kijivu limetoa wingu zito ambalo hadi asubuhi lilikuwa halijatua. La katikati ya mbuga limevunjika, maji yakabaki maangavu. La ukingo wa mbuga, karibu na ukanda wa kijivu, limetoa wingu jepesi. Utepe wa mbugani umezidi urefu wa kidole changu cha shahada. Kipande cha miiba alichoshauri Dada Mlowa nitakizungushia kabla ya mvua. Swali: hapo ukingoni naweza kutia jasi?

#32 NgoshaWaUbaruku
Nilisema mimi.

#33 AfisaMalishoMstaafu
Ulisema kweli kwa ukingo, Ngosha, si kwa katikati. Kuhusu jasi: kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu kwenye chembe za mfinyanzi, na sodiamu hiyo lazima ioshwe kwa maji iende zake. Jasi inachimbwa nchini, kwa mfano Makanya na Itigi, lakini kwa malisho yasiyo na mfereji gharama yake ni kubwa na maji ya kuoshea huna. Ningetumia samadi na matawi ya miiba hapo ukingoni, na ningeacha ukanda wa kijivu uwe njia ya ng'ombe na mahali pa kulamba.

#34 MsomaUdongo
Kwa kuwa katikati ya mbuga maji yalibaki maangavu, hoja ya magadi haielezi mnyauko wa katikati. Napendekeza mvua ya kwanza ya manyunyu ikishapita, mleta mada achimbe shimo fupi kichangani na lingine mbugani siku hiyohiyo, apime kwa rula unyevu umefika wapi, kisha arudie baada ya wiki moja.

#35 MchimbaMalambo
Achimbe mbugani mashimo mawili, moja juu ya ufa na moja mbali na ufa, la sivyo utasema umeshinda kabla hatujacheza. Na asichimbe kwenye njia ya ng'ombe.

#36 DadaMlowa
Na lingine ndani ya uzio wa miiba.

#37 MfugajiPawaga
Mashimo yanaongezeka na mchimbaji ni mimi peke yangu. MchimbaMalambo, unakaribishwa na sururu yako. Mbuzi yupo, ila maji ya kunywa ubebe, kwa sababu kisima chetu kina chumvi.